Kichwa cha Myne, Mikono ya Tuuli

Nilipoifunga juzuu hii mara ya kwanza nilikuwa nimekasirika. Michoro haikunikera, na hadithi haikupwaya popote. Nilimkasirikia mhusika mkuu, na hasira hiyo iliniuma kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumpenda kabla sijamjua. Mimi ni mkutubi. Ninatunza maktaba ndogo ya shule hapa Mwanza, rafu kumi na moja na meza nne. Nilipoambiwa kuna manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, ambayo binti anakufa kwa kufunikwa na vitabu, anazaliwa upya mahali ambapo watu wa tabaka lake hawajawahi kushika kitabu, kisha anaapa kuvitengeneza mwenyewe, nilisema hii imeandikwa kwa ajili yetu sisi wa kazi hii. Niliisoma usiku mmoja. Asubuhi yake nikamwambia mpwa wangu kwamba huyo binti hana shukrani.

Mpwa wangu ana miaka 13, na ndiye aliyenionyesha manga yenyewe, pamoja na kunifundisha kusoma fremu kutoka kulia kwenda kushoto kama Wajapani wafanyavyo. Hakunibishia. Aliniuliza swali moja tu, na swali hilo limenifanya niirudie juzuu nzima ukurasa kwa ukurasa. Nitalifikia.

Jina la kazi hii kwa Kijapani ni Honzuki no Gekokujō. Hadithi ni ya Miya Kazuki, michoro ya manga ni ya Suzuka, na sura za wahusika zilibuniwa na Shiina You. Ilianza Septemba 2013 kama riwaya ya kuchapishwa vipande vipande kwenye Shōsetsuka ni Narō, tovuti ambayo Wajapani wasio na mchapishaji huweka hadithi zao bure, ikamalizika huko Machi 2017. Kampuni ya TO Books ilianza kuitoa kwa juzuu Januari 2015, na riwaya ilipofika mwisho mwaka 2023 ilikuwa na juzuu 33. Manga ya sehemu ya kwanza ina juzuu 7, nami hapa nazungumzia ya kwanza tu, katika tafsiri ya Kiingereza ya kampuni ya J-Novel Club. Wasomaji wenzangu wa Bukavu na Lubumbashi wanaweza kuipata kwa Kifaransa, ambako wachapishaji Ototo ndio walioitoa.

Neno gekokujō lina historia yake. Ni neno la zama za vita vya Japani, karne ya 15 na ya 16, wakati mtumishi wa chini aliweza kumwangusha bwana wake na kukalia ngome. Jina kamili la hadithi linaendelea na kusema kwamba mtu hawezi kuchagua njia anapotaka kuwa mkutubi. Mara ya kwanza nililisoma jina hilo kama utani. Sasa naliona kama onyo lililobandikwa mlangoni.

Kisa chenyewe kiko hivi. Motosu Urano ni mwanafunzi wa chuo kikuu, ana miaka 22, na tayari amepata kazi ya maktaba aliyoitamani maisha yake yote. Kabla hajaianza, tetemeko la ardhi linamwangushia vitabu, na anakufa chini yake. Ombi lake la mwisho ni kwamba akizaliwa tena, asome tena. Anafumbua macho akiwa ndani ya mwili wa mtoto wa miaka mitano aitwaye Myne, katika mji wa Ehrenfest, mji wenye sura ya Ulaya ya zama za kati: ukuta mkubwa, lango lenye askari, nyumba za ghorofa zilizobanana, taka zinazomwagwa njiani. Baba yake, Gunther, ni askari wa lango. Mama yake, Effa, anafanya kazi ya kutia rangi. Dada yake, Tuuli, bado ni mtoto naye, hajafikisha miaka saba ambayo katika mji ule ndiyo umri wa kubatizwa na kuanza kujifunza kazi. Wanaishi juu, na maji yako kisimani chini. Kila ndoo inapanda ngazi zote mikononi mwa mtu.

Na Myne ni mgonjwa. Jambo hili ndilo nguzo ya juzuu nzima. Akilia sana, homa inampanda. Akitembea kutoka nyumbani hadi langoni, siku inayofuata halali wala haamki vizuri. Kuna homa ndani yake ambayo hakuna mtu nyumbani anayejua jina lake.

Anayefahamu hadithi za namna hii ataona mara moja kilichogeuzwa. Hadithi za kuzaliwa upya zimejaa kwenye ile tovuti kiasi kwamba mwaka 2016 wenye tovuti walizitengea orodha zake za umaarufu, zisizimeze hadithi nyingine zote. Njia yake wengi tunaijua kwa moyo: mtu wa kawaida anakufa ghafla, mara nyingi kwa kugongwa na lori, anaamka katika dunia ya mazimwi na uchawi, anapewa kipaji kisicho na mfano, na kuanzia hapo kila mlango unamfungukia. Wasomaji huzipenda kwa sababu ya kipaji. Unakaa unangoja kuona atakitumia vipi.

Urano hapewi kipaji. Anaondolewa hata alivyokuwa navyo. Amenyang'anywa urefu, nguvu na afya, na baya zaidi kwake, kusoma. Kuongea anaweza, kwa kuwa kumbukumbu za yule mtoto zimebaki kichwani, lakini mtoto hakuwahi kufundishwa herufi, kwa hiyo hakuna cha kukumbuka. Mtu aliyekuwa anasoma kuanzia asubuhi mpaka alale sasa hajui a wala be. Mimi hapo niliacha kusoma kwa muda. Nimewahi kuwafundisha watu wazima kusoma, na ninajua namna mtu mzima anavyolitazama bango la barabarani ambalo kila mtu mwingine analisoma bila hata kufikiri. Lakini wale hawakupoteza kitu walichokuwa nacho. Huyu amepoteza.

Tukio la kwanza linalobeba uzito huo ni pale anapoipekua nyumba. Anasubiri Tuuli atoke kwenda kuosha vyombo, anashuka kitandani kwa miguu isiyomtii, anaanza kuzunguka. Ni safari ya hatua chache tu, nyumba yenyewe ni ndogo. Anatafuta kitabu kimoja, chochote. Hakuna. Hakuna hata karatasi, wala kitu chenye maandishi. Msomaji wa kawaida anaona mtoto anayezungukazunguka chumbani, lakini mimi nilimwona mtu anayekagua mabaki baada ya moto. Akili yake inaanza kukisia: labda nyumba hii ni maskini, labda majirani wanavyo, labda dukani. Kila "labda" ni mlango, na juzuu hii inaifunga milango hiyo mmoja baada ya mwingine kwa subira kubwa.

Mlango wa pili ni sokoni. Mama anambeba mgongoni, kwa sababu peke yake asingefika. Njiani Myne anaona kwamba mabango ya maduka yana picha bila herufi, kwa kuwa wapita njia hawasomi. Kwenye meza za wauzaji zipo alama za bei, naye anamuuliza mama yake kila alama ni namba gani. Mama anamjibu, pengine akidhani ni udadisi wa mtoto. Mwanamke huyu ambaye hajui kusoma kitabu anamfundisha mwanawe tarakimu katikati ya kelele za soko, na hizo tarakimu ndizo mali ya kwanza ambayo Myne anaipata katika maisha yake mapya. Muda mfupi baadaye anaona nyama na uchinjaji kwa karibu namna ambayo mtu aliyezoea nyama iliyofungwa dukani hajawahi kuona, na anazimia.

Kisha duka. Humo ndimo anamokiona kitabu, kimoja tu. Kina jalada la ngozi, kimepambwa, na hakikuwekwa pale kwa ajili ya watu kama wao. Anaelezwa jinsi vitabu vinavyopatikana: vinanakiliwa kwa mkono, kimoja kimoja, kwenye ngozi, na wenye navyo ni wakubwa wa nchi. Anasihi aruhusiwe japo kukigusa. Hapati. Hapo ndipo linapomjia wazo ambalo hadithi yote inalining'inia: kama vitabu havipo kwa ajili yangu, nitavitengeneza.

Ni tukio zuri, na ndilo lililonikasirisha. Wakati Myne anaomba na kulia mbele ya mwenye duka, fikra yangu ilikuwa kwa mama yake aliyesimama pembeni. Amembeba mtoto mgonjwa mji mzima, mtoto amezimia njiani, sasa analilia kitu ambacho mama hata hajui ni cha nini. Katika kurasa zile za mwanzo Myne hana hata chembe ya kumwonea mama yake huruma. Anaona nyumba chafu, kitanda kinachowasha, chakula kisicho na ladha, watu wasioelewa. Anaiona familia yake kama mtu aliyekosa basi anavyoiona stendi. Na mtoto halisi, yule Myne aliyelala na homa na hakuamka tena, hakuna aliyemlilia, kwa sababu hakuna anayejua kwamba ameondoka. Effa amempoteza mwanawe na bado anampikia uji kila siku. Juzuu inalipita jambo hili kwa haraka kuliko nilivyotaka. Inawezekana mbele huko inalirudia, lakini ninayepima mwanzo napima mwanzo.

Hayo ndiyo niliyomwambia mpwa wangu asubuhi ile, naye akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mjomba, lakini Tuuli umemwona?"

"Nimemwona. Dada yake."

"Sasa ile mbao ya nywele kachonga nani?"

Nilinyamaza, kwa kuwa sikukumbuka. Nilikumbuka kwamba Myne alitaka kijiti cha kubania nywele, kwa kuwa nywele zake ni laini na zinateleza kwenye uzi. Nilikumbuka kwamba alikipata, na kwamba watu walishtuka alipozifunga nywele zote juu, kwa sababu huko kufunga nywele zote ni kwa wanawake wazima peke yao. Kijiti kilitoka wapi? Kilichongwa na Tuuli. Tuuli alichukua kisu na kipande cha kuni, akamchongea mdogo wake kitu ambacho hakuwahi kukiona na ambacho hakuelezwa vizuri ni cha kazi gani.

Nikairudia juzuu yote nikimfuata Tuuli, na nilisoma kitabu kingine kabisa.

Chukua habari ya mafuta ya nywele. Myne hawezi kuvumilia nywele chafu, na anakumbuka kutoka maisha ya kwanza kwamba mafuta ya mmea na majani yenye harufu nzuri yanaweza kufanya kazi ya shampuu. Wazo ni lake, na ni wazo zuri. Tunda linaloliwa mafuta yake, wao wanaliita meryl, liko msituni, na msituni Myne hafiki. Anayekwenda ni Tuuli. Tunda lazima lipondwe na kukamuliwa, na mikono ya Myne haina nguvu hata ya kukamua kitambaa. Anayekamua ni Tuuli. Maji ya kuoshea lazima yatekwe, yapande ngazi, yapate moto. Myne hakuyapandisha. Mwishoni nywele zinang'aa, mama anafurahi, hata Tuuli mwenyewe anafurahi kwa sababu nywele zake nazo zimependeza, na msomaji anatoka na picha kwamba Myne ametengeneza shampuu.

Sisemi hivi kumdhalilisha Myne. Nasema kwa sababu, nilipoliona hili, ile hasira yangu iligeuka kuwa kitu chenye manufaa zaidi. Mwandishi amejua anachofanya. Angetaka, angempa Urano mwili wa kijana mwenye afya na mashamba, na sisi tusingeuliza nani anafanya kazi. Amemweka ndani ya mtoto asiyeweza kunyanyua ndoo, na kwa kufanya hivyo kila wazo la Urano linalazimika kupita kwenye mwili wa mtu mwingine kabla halijawa kitu. Maarifa yako uchi mbele yetu. Tunaona yanaishia wapi na kazi inaanzia wapi.

Hadithi nyingi za kuzaliwa upya huficha mpaka huu. Shujaa anakumbuka namna ya kutengeneza sabuni, fremu inayofuata sabuni ipo mezani. Hapa kati ya kukumbuka na kupata kuna kisu, sufuria, kuni, ruhusa ya mama, hali ya hewa, na dada ambaye leo ana kazi zake nyingine.

Suala la karatasi ndilo linaloonyesha haya kuliko yote. Siku moja Myne na Tuuli wanampelekea baba yao langoni kitu alichokisahau nyumbani. Njia si ndefu kwa mtu mzima, kwa Myne ni mlima. Huko anakutana na Otto, askari aliyekuwa mfanyabiashara wa kusafiri, ambaye sasa ndiye anayeshika hesabu na maandishi ya lango. Myne anaona kitu kimeandikwa. Anauliza. Ni ngozi, na bei yake si ya nyumba ya askari.

Hapa mwandishi amesimama kwenye historia halisi, na inafaa kuieleza kidogo kwa anayedhani ni chumvi. Ngozi ya kuandikia hutengenezwa kwa ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi: inalowekwa kwenye maji ya chokaa, inatolewa manyoya, inavutwa kwenye fremu ya mbao na kukwanguliwa mpaka iwe nyembamba. Mnyama mmoja anatoa kurasa chache tu. Kitabu kikubwa cha kanisa katika Ulaya ya zama za kati kiliweza kumaliza kundi zima la ndama kabla mwandishi hajachovya kalamu. Karatasi, ambayo Wachina walikuwa nayo tangu karne za mwanzo, iliwafikia Waarabu huko Samarkand katika karne ya 8, na Ulaya iliipata kupitia Hispania ya Waislamu, karne nyingi baadaye. Mpaka ilipozoeleka, kuandika kulikuwa jambo la mwenye mifugo mingi au mwenye bwana.

Urano anayajua haya yote, ameyasoma. Anajua Wamisri waliandika juu ya mafunjo, Wababeli juu ya vibao vya udongo, Wajapani wa kale juu ya vipande vya mbao. Kichwa chake ni historia nzima ya uandishi, na anaamua kuirudia kutoka mwanzo. Anaanza na Misri. Mafunjo hana, ana magugu. Anachukua nyuzi za majani anaanza kuzisuka kwa kupishanisha, nyembamba kadiri awezavyo. Saa zinakwenda, na kipande kinachotoka hakiwezi kubeba sentensi. Anaacha. Mwandishi anasema ameshindwa na Wamisri wa kale, na nakiri hapa nilimpenda tena, kwa sababu ni kushindwa kwa kweli. Hakuna msaada uliodondoka kutoka mbinguni. Kipande kilikuwa kidogo, basi.

Naye Otto anampa kibao cha jiwe cha kuandikia, na anaanza kumfundisha herufi kwa malipo ya msaada wa hesabu. Zile tarakimu za sokoni zimezaa. Na kibao hicho, ambacho ukiandika lazima ufute ili uandike tena, ndicho kitu cha kwanza katika maisha haya ambacho Myne anakishika kama mtu anayeshika chakula. Nilisoma shule ambayo kitabu kimoja cha Jiografia tulikisoma watu sita, na kabati la vitabu vya hadithi lilikuwa na kufuli ambalo ufunguo wake sikuwahi kuuona. Nilinakili sura nzima kwa mkono nyuma ya daftari la Hisabati kwa sababu zamu yangu ilikuwa inaisha saa kumi. Kwa hiyo sihitaji kuelezwa kwa nini mtoto analala na kibao cha jiwe.

Michoro ya Suzuka inastahili maneno, ingawa si mengi. Ni laini, nyuso za mviringo, macho makubwa, na Myne akipandwa na furaha ya vitabu sura yake inabadilika kuwa ya kikatuni kabisa, kichwa kikubwa mwili mdogo. Mara ya kwanza niliona utamu huu unapunguza ugumu wa maisha yao. Vumbi na harufu ya mtaa vinasemwa kwa maneno zaidi kuliko vinavyoonekana kwenye wino, na Tuuli ni mtoto nadhifu mno kwa anayeteka maji kisimani kila siku. Msimamo wangu huo sijaubadilisha. Ila mchoraji ana jicho kwa vitu: vikapu, ndoo, meza ya jikoni, nguo zilizoshonwa viraka kwa ustadi wa mama anayejua sindano. Fremu ya nyumbani ukiitazama vizuri inakwambia familia hii haina fedha lakini ina kazi nzuri ya mikono. Myne anaishi katikati ya mafundi na anawaona wajinga kwa sababu hawasomi. Hilo ndilo kosa lake kubwa, na michoro inaliona kabla yeye hajaliona.

Je, juzuu yenyewe inajua kwamba Tuuli ndiye anayebeba? Naamini inajua, lakini haimlipi vya kutosha. Tuuli anashangaa, ananuna kidogo, kisha anafanya, na Myne anashukuru kwa neno moja au mawili na kurukia wazo jingine. Ningetaka mwandishi atupe walau kurasa mbili ndani ya kichwa cha Tuuli. Mtoto aliyezoea kumuuguza mdogo wake anaamka siku moja anakuta mdogo amebadilika, ana maneno mageni, anataka kuoga kila siku, analia kwa ajili ya kitu kiitwacho kitabu. Tuuli anapaswa kuwa na hofu. Mimi ningekuwa nayo. Badala yake tumepewa wema wake tu, na wema wa mtoto wa kike katika nyumba maskini ni kitu ambacho sisi wasomaji tumezoea kukipita bila kukitazama, kama nilivyofanya mimi.

Nilimwambia mpwa wangu hayo. Akasema, "Mjomba, basi tutengeneze mafunjo."

Ehrenfest hakuna mafunjo. Sisi tunayo. Ni mmea uleule uliotumiwa na Wamisri, na huku kwetu umejaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, vichwa vyake vimetawanyika kama nywele zisizochanwa. Hata neno "karatasi" limetujia kwa Kiarabu kutoka neno la Kigiriki lililotumika kwa karatasi za mafunjo, kwa hiyo tunalitamka jina la karatasi ya mmea huu darasani kila siku bila kujua.

Jumamosi nilikunja suruali nikaingia. Mafunjo husimama kwenye tope ambalo halina sakafu ya uhakika, na shina lake lina pembe tatu na linateleza ukilishika likiwa limelowa. Nilikata mashina manane kwa panga. Mpwa wangu alikaa kwenye jiwe akinielekeza lipi nene, lipi limepauka. Nyumbani tulimenya ganda la kijani kwa kisu cha jikoni, ndani ni nyeupe na laini kama sponji, tukakata vipande virefu vyembamba. Vinne vya kwanza vilikatika. Tulivisukuma kwa kifimbo cha chapati kutoa maji, tukaviloweka kwenye beseni siku tatu, tukavipanga juu ya kanga kuukuu, tabaka moja wima, jingine mlalo, tukafunika kwa kanga nyingine, tukaweka kibao cha chapati na juu yake mawe mawili. Mama yake alitafuta kibao chake siku mbili nzima. Kanga tulizibadilisha asubuhi na jioni. Hakuna gundi yoyote: utomvu wa mmea ndio unaoshika, na hapo nikaelewa kwa nini majani ya Myne yalimshinda. Mafunjo hushikana yenyewe kwa utomvu na mgandamizo, wakati nyuzi zake za magugu zilimtaka azisuke moja moja.

Siku ya tisa tulifunua. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, upana wa daftari dogo, ukingo mmoja umejikunja na katikati kuna tundu ambalo kidole kinapita. Mpwa wangu aliinua juu dirishani, mistari ya mlalo na ya wima ikaonekana yote. Akachukua kalamu ya wino. Aliandika polepole kwa sababu ncha ilikuwa inakwama kwenye nyuzi.

Kilichochukua siku tisa, beseni, kanga mbili, kibao cha watu na mjomba mwenye tope hadi magotini kilitosha maneno saba. Sita yalikuwa jina lake kamili, darasa na tarehe. La saba aliliandika chini kabisa, pembeni ya tundu: Tuuli.

"Kesho utakata mengine?" akaniuliza.

Nikamwambia safari hii panga atalishika yeye, mimi nitakaa kwenye jiwe.